Somo la majadiliano la Kiingereza katika shule za sekondari

Somo la majadiliano la Kiingereza ni kipindi cha darasani ambamo wanafunzi hujifunza lugha ya Kiingereza kwa kuzungumza wao kwa wao juu ya swali lisilo na jibu moja, huku mwalimu akiwa mwongozaji. Ni tofauti na kipindi cha maswali na majibu, ambamo mwalimu huuliza, mwanafunzi mmoja hujibu na mwalimu husahihisha. Ni tofauti pia na mdahalo, ambao huwa na wasemaji waliochaguliwa na pande mbili zilizopangwa tangu mwanzo. Katika majadiliano kila mwanafunzi anatakiwa kusema, na anaruhusiwa kubadili mawazo baada ya kusikia hoja ya mwenzake.

Nchini Tanzania somo la aina hii lina uzito wa pekee, kwa kuwa Kiingereza ni somo na papo hapo ni lugha ya kufundishia masomo mengine ya sekondari. Mwanafunzi asiyeweza kuuliza swali kwa Kiingereza hunyamaza katika Biolojia na Jiografia pia. Makala hii inaeleza jinsi somo hilo linavyopangwa, kwa mifano inayofaa shule za kutwa za mjini Songea, mkoa wa Ruvuma, katika kata kama Mjimwema.

Historia

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya kufundishia kuanzia Kidato cha Kwanza. Mwaka huohuo Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule ijenge mambo matatu kwa kijana: moyo wa kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayofanya wengine, na kujiamini. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa majadiliano yoyote, ingawa andiko lenyewe halikuhusu ufundishaji wa Kiingereza.

Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari pia, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni. Walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Kutokana na uchunguzi huo ulianzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa ufadhili wa Uingereza, ambao ulipeleka shuleni vitabu vingi vyepesi vya kusoma. Kwa hiyo mkazo wa miaka ile ulikuwa kusoma kwa wingi zaidi ya kuzungumza.

Mihtasari ya mwaka 2005 ilileta mtaala unaozingatia ujenzi wa ujuzi, na kumtaka mwalimu atumie njia shirikishi: kazi za vikundi, bungua bongo, igizo dhima na majadiliano. Mwelekeo huo umeendelezwa katika mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024. Hata hivyo, kutajwa kwa majadiliano katika muhtasari hakujatosha kuyafanya yatokee darasani. Mara nyingi neno "majadiliano" huandikwa katika andalio la somo, kisha wanafunzi hukaa vikundi, mmoja wao huandika majibu, na wengine humtazama.

Sababu za ukimya darasani

Ukimya wa wanafunzi katika kipindi cha Kiingereza mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya uvivu au ya kutokuwa na mawazo. Wanafunzi walewale, wakitoka nje wakati wa mapumziko, hubishana kwa Kiswahili kuhusu mpira, siasa na bei ya vitu bila kuchoka. Hivyo mawazo yapo. Kinachokosekana ni maneno ya Kiingereza ya kuyabeba, pamoja na usalama wa kuyajaribu.

Sababu zinazotajwa zaidi ni hizi:

- Msamiati mdogo. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ametoka katika shule ambako masomo karibu yote yalifundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani na mtaani, katika mji kama Songea, husikia Kiswahili, Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au Kiyao.
- Hofu ya kuchekwa. Kosa dogo la matamshi likichekwa mara moja, aliyechekwa huweza kunyamaza muhula mzima.
- Adhabu kwa kusema lugha nyingine. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kumekuwa na desturi ya kumwadhibu au kumvisha kibao anayesema lugha isiyo Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya desturi hiyo nchini Kenya katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Matokeo ya adhabu hiyo kwa kawaida si Kiingereza kingi bali ni ukimya.
- Malezi. Katika nyumba nyingi mtoto hufundishwa kutobishana na mkubwa. Kumpinga mwalimu, hata kwa hoja, huonekana ni utovu wa adabu.
- Mwalimu kutosubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yaliongezeka urefu na wanafunzi wengi zaidi walijaribu kujibu. Kwa anayefikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine, sekunde hizo zina thamani kubwa zaidi.

Kutokana na sababu hizo, somo la majadiliano hufaulu au hushindwa kabla ya kipindi kuanza, yaani katika maandalizi. Mwalimu anayeingia darasani na mada tu, bila kuandaa maneno na kazi ya kila mwanafunzi, huishia kujadiliana na wanafunzi watatu au wanne walewale.

Hatua za maandalizi

Kuchagua swali

Swali zuri la majadiliano huwa na sifa tatu: wanafunzi wana ujuzi nalo maishani, watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake, na linadai uamuzi. "Umuhimu wa kilimo" ni mada, si swali. Kila mwanafunzi atasema kilimo ni muhimu na mazungumzo yataisha. "Je, familia iuze mahindi yake yote mara baada ya mavuno?" ni swali, kwa sababu kila nyumba ina jibu lake.

Mtaalamu wa India N. S. Prabhu, katika mradi wa ufundishaji uliofanyika Bangalore kati ya mwaka 1979 na 1984, aligawa kazi za lugha katika aina tatu. Ya kwanza ni pengo la taarifa, ambapo mmoja anajua asichojua mwenzake. Ya pili ni pengo la kufikiri, ambapo wanafunzi hutoa hitimisho kutokana na taarifa walizonazo. Ya tatu ni pengo la maoni, ambapo kila mmoja hueleza msimamo wake. Walimu wengi huanza na aina ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ni vyepesi zaidi kuanza na pengo la taarifa, kwa kuwa humpa mwanafunzi kitu cha kusema hata kama hana maoni.

Kuandaa maneno

Kabla ya kuandika lengo la somo, mwalimu huandika mwenyewe majibu ambayo mwanafunzi wa kawaida angeyatoa, kisha hupigia mstari maneno ambayo hayajui. Orodha ikizidi maneno kumi, swali ni gumu mno kwa kidato hicho na linapaswa kurahisishwa. Pamoja na maneno hayo huandaliwa vianzio vya sentensi, ambavyo hubaki ubaoni kipindi chote. Mifano ni "I think we should… because…", "I agree, but…", "What will happen if…?" na "Could you say that again, please?". Kianzio cha mwisho husahaulika mara nyingi, nacho ndicho kinachomwezesha asiyeelewa kubaki ndani ya mazungumzo.

Vianzio vya kupinga kwa adabu hutatua pia tatizo la malezi lililotajwa juu. Mwanafunzi anayesema "I see your point, but…" hajamvunjia mtu heshima.

Kupanga makundi na majukumu

Kundi la watu wanne linafaa kuliko la watu kumi, kwani katika kundi kubwa wengi hujificha. Madawati yakiwa yamebanana, wanafunzi wa dawati la mbele hugeuka na kutazamana na wa dawati la nyuma. Hakuna haja ya kuhamisha samani. Kila mmoja hupewa jukumu: mwenyekiti, katibu, mtunza muda na msemaji. Majukumu hubadilishwa kila kipindi. Yasipobadilishwa, mara nyingi wavulana huwa wasemaji na wasichana hubaki makatibu.

Mbinu zinazotumika sana ni fikiri-jozisha-shirikisha, iliyopendekezwa na Frank Lyman wa Marekani mwaka 1981, na changanyakete, iliyoanzishwa na Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971. Katika ya kwanza mwanafunzi hufikiri peke yake, huzungumza na jirani, kisha husema mbele ya darasa. Katika ya pili kila mwanakundi hupewa sehemu moja ya taarifa, na kundi haliwezi kumaliza kazi bila kumsikiliza kila mmoja.

Mfano wa somo

Mfano ufuatao ni wa Kidato cha Pili, vipindi viwili vilivyoungana vya dakika 40 kila kimoja, katika darasa la wanafunzi 60. Vifaa ni ubao, chaki na vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono. Mada imechaguliwa kwa kuwa Ruvuma ni mkoa unaozalisha mahindi kwa wingi na una msimu mmoja wa mvua. Hata mwanafunzi wa mjini huwa na ndugu au jirani anayelima.

Swali: familia imevuna gunia 20 za mahindi, je, iuze gunia ngapi sasa? Kila kundi la watu wanne hupata kadi nne, na kila kadi ina taarifa ambayo haimo katika nyingine. Tarakimu zimebuniwa kwa ajili ya somo:

- Kadi ya kwanza: familia inahitaji gunia 9 za chakula hadi mavuno yajayo.
- Kadi ya pili: familia ina deni la mbolea la shilingi 240,000 linalotakiwa kulipwa sasa, na itahitaji shilingi 180,000 za mahitaji ya shule mwezi Januari.
- Kadi ya tatu: bei ya gunia sasa ni shilingi 60,000, mwezi Januari inatarajiwa kuwa shilingi 90,000.
- Kadi ya nne: mahindi yakihifadhiwa katika mifuko ya kawaida, dumuzi wataharibu gunia 2 katika kila gunia 10, mfuko usiopitisha hewa unauzwa shilingi 5,000 na unatosha gunia moja.

Mtiririko wa somo ni huu:

- Dakika 10: utangulizi. Mwalimu huuliza nani nyumbani kwao huamua siku ya kuuza mazao. Maneno nane mapya hufundishwa kwa mifano na kuandikwa ubaoni.
- Dakika 10: kila mwanafunzi husoma kadi yake kimya na kuandika sentensi mbili. Wenye kadi za aina moja walioketi karibu husaidiana, na hapo Kiswahili kinaruhusiwa.
- Dakika 25: majadiliano ya kundi kwa Kiingereza. Hakuna kuonyeshana kadi. Taarifa hutolewa kwa mdomo tu. Kundi lazima lifikie idadi moja na kutoa sababu mbili.
- Dakika 15: wasemaji wa makundi huandika idadi zao ubaoni. Makundi mawili yaliyotofautiana zaidi huulizana maswali.
- Dakika 10: mwalimu huandika ubaoni sentensi sita alizozisikia, tatu sahihi na tatu zenye makosa, bila kutaja waliozisema. Darasa husahihisha.
- Dakika 10: kila mwanafunzi huandika aya fupi ya uamuzi wake mwenyewe, hata kama hakukubaliana na kundi.

Kudai idadi moja ndiko kunakozuia majibu ya jumla. Kundi linalosema liuze gunia 4 ili kulipa deni hugundua kwamba halijabakiwa na fedha ya kununua mifuko ya gunia 16. Likiuza gunia 5 linabaki na shilingi 60,000, lakini mifuko 15 inagharimu shilingi 75,000. Likiuza gunia 6 linabaki na shilingi 120,000, na mifuko 14 inagharimu shilingi 70,000. Kundi jingine huamua kuhifadhi chakula tu katika mifuko bora, na mengine hutaka kuuza zote 11 kwa sababu hayaiamini bei ya Januari. Hakuna jibu moja, lakini kila jibu linapaswa kutetewa kwa hesabu na kwa sentensi zenye "if". Sarufi ya sentensi za masharti hufundishwa hivyo bila kutajwa kwanza.

Nafasi ya Kiswahili

Walimu hutofautiana juu ya matumizi ya Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Wanaokipinga husema kwamba mwanafunzi wa shule ya kutwa ana vipindi vichache tu vya kusikia Kiingereza kwa wiki, na kila dakika ya Kiswahili ni hasara. Wanaokikubali hueleza kwamba mwanafunzi anayeanza kufikiri kwa lugha anayoijua hufika na hoja nzito zaidi. Watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norwei wameonyesha katika maandishi yao jinsi wanafunzi wanavyokuwa wachangamfu wanapojifunza kwa Kiswahili, na wanavyonyamaza lugha inapobadilika.

Njia ya kati ni kupanga mahali pa kila lugha. Kiswahili hutumika katika hatua ya kufikiri na kuelewa kadi; Kiingereza hutumika katika hatua ya kundi na ya darasa. Jambo la msingi ni kwamba mabadiliko hayo yameandikwa katika andalio la somo na yana muda wake. Kiswahili kinachoingia kwa kupangwa ni zana, bali kinachoingia kwa kificho huambatana na hofu.

Vyanzo vya mada katika mazingira

Mada hazihitaji kitabu cha gharama. Mjini Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali panapokumbusha vita vya mwaka 1905 hadi 1907 na viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Wanafunzi wanaweza kujadili kama viongozi walipaswa kuendelea na vita baada ya kuona kwamba maji hayazuii risasi. Habari za Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichoanza Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuvunjwa na serikali mwaka 1969, huzaa swali jingine: je, kijiji kijiamulie mambo yake au kifuate mpango wa taifa?

Vitabu vya fasihi vya Kidato cha Tatu na cha Nne ni chanzo kingine. Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala na Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone vimesomwa shuleni kwa miaka mingi. Mara nyingi hufundishwa kwa kuandikiwa dhamira na wahusika ubaoni. Swali kama "Je, Atangana anampenda binti yake Juliette?" humlazimu mwanafunzi kurudi kwenye tamthilia yenyewe kutafuta ushahidi.

Mada zinazogusa maumivu ya wanafunzi, kama ukeketaji, ugonjwa au kufiwa na wazazi, huhitaji tahadhari. Kwa mada hizo ni vyema kujadili wahusika wa kitabu, si maisha ya mwanafunzi.

Usahihishaji na tathmini

Kumkatiza mwanafunzi kila anapokosea humfanya ahesabu makosa badala ya kujenga hoja. Kwa hiyo wakati wa majadiliano mwalimu huzunguka na daftari, akiandika makosa yanayojirudia, na husahihisha mwishoni. Kosa linaloharibu maana husahihishwa papo hapo kwa kurudia sentensi kwa usahihi, bila kukemea.

Darasa la wanafunzi 60 haliwezi kupimwa lote kwa siku moja. Mwalimu huchagua makundi matatu kila kipindi na kuandika mambo manne kwa kila mwanafunzi: alisema mara ngapi, alitoa sababu au hakutoa, alimjibu mwenzake au alisoma alichoandika, na alitumia vianzio vipi. Baada ya vipindi vitano makundi yote 15 huwa yamepimwa.

Kikwazo kikubwa ni mtihani. Mtihani wa Kidato cha Nne wa somo la Kiingereza, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, umekuwa wa kuandika, na haupimi mwanafunzi anavyozungumza. Kwa sababu hiyo walimu wengi, hasa wa madarasa ya mtihani, huona majadiliano kuwa yanapoteza muda wa kumaliza muhtasari. Jibu linalotolewa na wanaoyatetea ni kwamba maswali ya insha na fasihi hudai hoja na mifano, na mwanafunzi aliyekwisha kuitetea hoja kwa mdomo huiandika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mfano ulioelezwa juu unaishia na aya ya kuandika.

Mipaka

Majadiliano hayachukui nafasi ya kusoma wala ya mazoezi ya sarufi. Mwanafunzi asiyesoma hana maneno mapya ya kuleta katika kundi, na darasa zima huzunguka na maneno yaleyale. Pia hayafai kila kipindi: maandalizi ya kadi huchukua muda, na mwalimu mwenye mikondo mingi hawezi kuyafanya kila siku. Kipindi kimoja kilichoandaliwa vizuri kila baada ya wiki mbili kina faida kuliko vikundi vya kila siku visivyo na swali. Kadi zikihifadhiwa katika bahasha hutumika tena mwaka unaofuata, na walimu wa shule jirani wanaweza kubadilishana.

Tazama pia

- Elimu nchini Tanzania
- Elimu ya Kujitegemea
- Mdahalo
- Mjimwema (Songea)
- Vita ya Majimaji